Koo la Mama Angela

Mimi ni mtu wa maneno makali, sikatai. Mke wangu Edith anasema hata nikiomba chumvi mezani mtu anaweza kudhani namfukuza. Kwa kazi niliyoifanya miaka ishirini na tisa, kutibu watu katika zahanati ya kijiji huku juu Ufipa, ukali ulinisaidia mara nyingi. Mama anamnyima maji mtoto anayeharisha kwa sababu eti maji yanaongeza kuhara. Huyo usipomkaripia, kesho kutwa unakwenda kuzika. Lakini ukali huo huo ndio uliomuua Cornelia. Kijijini wanasema alikufa kwa koo, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi. Leo nataka kusema ilivyokuwa.

Cornelia, ambaye wote tulimwita Mama Angela, alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne. Alilima mahindi, maharage na ulezi, na alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu. Noti za muziki hakujua hata moja. Alikuwa akisikia wimbo mara mbili parokiani Chala, anarudi nao kichwani mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na Jumapili inayofuata sauti zote nne zimeshagawiwa. Ukikosea hakukugombeza. Alikuja tu kusimama karibu yako, akaimba sauti yako mpaka ukaipata, halafu akaondoka. Mimi nilikuwa sauti ya nne, na kwa kweli alisimama karibu yangu sana.

Nilifika kijijini mwaka tisini, kijana wa mjini wa Katandala, Sumbawanga, na cheti kipya mfukoni. Jina langu Flavian, na nilikuwa Msaidizi wa Tiba, lakini kwa watu nilikuwa daktari, basi. Mwezi wa kwanza mshahara ulichelewa. Cornelia akaniletea unga na maharage bila kuulizwa, akaniwekea mlangoni, akasema, "Kula, mwanangu. Mganga mwenye njaa atatuchoma vibaya." Alinizidi miaka kumi na mitatu tu, lakini tangu siku hiyo nilikuwa mwanawe, na nikimwona nampa shikamoo yangu kamili.

Shida yake ilikuwa koo. Wanaoijua Ufipa wanajua upepo wa mwezi wa sita na wa saba unavyokata. Kila mwaka, upepo ukianza, Cornelia anashikwa na mafindofindo. Homa inapanda, kumeza mate ni kazi, ukimulika mdomoni unaona tezi zote mbili zimevimba zina madoa meupe ya usaha. Watu wanadhani ni ugonjwa wa watoto. Mimi nimewatibu watu wazima wenye ndevu waliolia kwa mafindofindo.

Mwaka tisini na tatu nilimtibu kwa sindano ya PPF, penisilini ile nyeupe, nzito, inayouma mpaka unasahau koo. Siku kumi, sindano moja kila siku. Alikuja siku zote kumi akichechemea, ananiambia, "Leo choma upande wa pili, mwanangu, huu umeshakuwa jiwe." Akapona kabisa. Siku ya Watakatifu Petro na Paulo aliimba na hakuna aliyejua kwamba alikuwa mgonjwa.

Mwaka ule tulikuwa tumetoka kwenye semina wilayani. Mwalimu wa semina alituambia tusiwe tunagawa dawa tu kama karanga, tuangalie nini kinatokea. Nikachukua daftari, nikaanza kuandika kila mtu mzima aliyekuja na mafindofindo. Ukurasa mmoja wa waliochomwa PPF. Ukurasa wa pili wa waliopewa vidonge vya penisilini, vinne kwa siku, siku kumi. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa waliopitia kwanza maduka ya dawa, maana huo ndio ulikuwa wakati wa ruksa. Kila kitu ruksa. Malori ya watu binafsi yalikuja kununua mahindi, mitumba ilijaa gulioni, na Chala palifunguliwa duka la dawa baridi, halafu la pili. Zamani ulikuwa unapata dawa kwangu au hupati. Sasa ulikwenda gulioni na kikapu, ukanunua chumvi, sabuni na rangi mbili.

Rangi mbili ni vile vidonge vya tetrasaiklini, nusu nyekundu nusu njano. Watu walivipenda sana. Vilimezwa kwa tumbo, kwa jino, kwa kikohozi, vilipasuliwa na unga wake ukamwagwa kwenye kidonda. Muuzaji alikuuliza unataka vingapi, kama anayeuza pipi. Mtu alitaja namba anayoitaka, vinne, sita, akafungiwa kwenye kipande cha gazeti.

Daftari langu halikuwa utafiti wa chuo kikuu, lakini baada ya mwaka lilisema wazi. Wa PPF walipona na wachache tu walirudi, kwa sababu moja kubwa: dawa nilikuwa naitia mwenyewe, hakuna wa kuipunguza. Wa rangi mbili walipoa siku mbili, tatu, kisha wakarudi wakiwa wabaya kuliko mwanzo. Walionichanganya ni wa vidonge. Kitabu kinasema vidonge vya penisilini vinatibu koo sawasawa na sindano. Kwangu nusu yao walirudi. Nikawalaumu waliotengeneza vidonge, nikalaumu bohari, nikalaumu joto la barabarani. Sababu ilikuwa imekaa sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu, na sikuiona.

Mwaka tisini na nne sanduku la dawa kutoka bohari lilikuja bila PPF. Koo la Cornelia nalo likaja kwa wakati wake. Nikampa vidonge arobaini, nikamwambia vinne kwa siku mpaka viishe. Akaitikia. Siku ya tano akanipita njiani anaimba, nikafurahi.

Sasa, lazima nieleze nyumba ya Cornelia. Kwake hakuna kitu kilichomalizwa. Ulezi ukitoka shambani, kabla ya kuonja, analiweka kando fungu la mbegu. Mahindi vilevile, maharage vilevile. Ndivyo walivyolelewa wamama wa huku, na yeye alizidi. Sabuni alikata kipande akaficha. Kibiriti kikinunuliwa, njiti kumi zinakwenda kwenye kopo. Nusu ya kijiji walikimbilia kwake mvua zikianza, kuomba mbegu, na hakumrudisha mtu. Kwake kumaliza kitu kilikuwa kitendo cha mtu asiye na akili, cha mlevi. Vidonge alivyovimeza vilipomtuliza koo, siku ya nne, alifanya alichofanya maisha yake yote. Alivifunga vilivyobaki kwenye kitambaa, akavitia ndani ya kopo, akaviweka kwa ajili ya mwaka kesho. Na kwa ajili ya jirani.

Jirani alikuwa Alfonsi, mume wa mtu, mkulima mwenzetu. Baada ya wiki tatu alikuja zahanati koo limevimba. Nikamuuliza ametumia nini. Akasema, bila wasiwasi wowote, "Nilimeza vinne vya Mama Angela. Vilinipoza kidogo, ila vimegoma."

Mori ukanipanda. Mwaka mzima nilikuwa naandika daftari, nalaumu joto la barabarani, kumbe vidonge vyangu vinalala kwenye kopo. Nikamtuma Alfonsi mwenyewe akamwite, na aje na hivyo vidonge. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, mabenchi yamejaa, wamama thelathini na zaidi wamekaa na watoto wao. Cornelia akaingia amejifunga kitenge kizuri. Alidhani nina mgonjwa aliyeishiwa dawa na nataka kumsaidia. Akanipa kitambaa kwa mikono miwili.

Sikumpa shikamoo. Nilikifungua kile kitambaa, nikamwaga vidonge mezani, nikavihesabu kwa sauti mbele ya watu wote. Vilikuwa ishirini. Nikamuuliza kama hajui kuhesabu. Nikamuuliza kama anadhani mimi ni mjinga niliyetumwa na serikali kuja kumpa akiba. Nikasema kwamba mtu kama yeye ndiye anayeharibu dawa za watu, na kwamba anatufundisha nyimbo za Mungu huku nyumbani anafanya uganga wa kienyeji kwa dawa za wizi. Neno wizi nililitamka. Wamama wakainamisha vichwa. Mmoja alicheka kidogo, kwa woga nadhani, na kile kicheko kikanipa nguvu. Nikamwambia, "Mwakani koo likikuuma, usije hapa. Nenda kapande hivi, uvune."

Cornelia alisimama tu. Mikono yake ilikuwa bado mbele, kama ilivyokuwa wakati wa kunipa. Akasema, "Nimesikia, daktari." Akageuka akaenda zake.

Hakuwahi kuniita daktari kabla ya siku ile. Na hakuwahi kuniita mwanangu tena.

Edith aliposikia alinitolea uvivu. "Nenda kamwombe radhi," akasema, "tena leo, kabla jua halijazama." Nikamjibu kwamba nilichosema ni kweli. Na ilikuwa kweli, nusu yake. Ningeweza kumweleza kwa dakika tano, faragha, kwamba ugonjwa wa koo unajificha hata maumivu yakiisha, na kwamba vidonge vya mwisho ndivyo vinavyoumaliza. Alikuwa mtu wa kuelewa. Mtu anayekumbuka sauti nne za wimbo baada ya kuusikia mara mbili anashindwaje kuelewa hilo? Lakini sikwenda. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu nanuna. Kwenye kwaya aliendelea kufundisha. Nikikosea alitazama kitabu cha nyimbo, ambacho hakujua kukisoma vizuri, na kunisahihisha akamwachia mwingine.

Mwezi wa sita mwaka tisini na tano upepo ulianza mapema. Jumapili moja nikamwona Cornelia kanisani amejizungushia kanga shingoni, anaongoza kwa mikono tu, mdomo haufunguki sana. Nikajua. Kabati langu mwaka ule lilikuwa limejaa, PPF chupa kwa chupa, sindano mpya, kila kitu. Nikajiambia, atakuja. Kesho au kesho kutwa atakuja mwenyewe, na mimi nitampokea vizuri, nitamchoma taratibu, yataisha. Nyumba yake na zahanati ni hatua mia tatu. Nilingoja aje yeye. Mtu mzima na akili zangu, nilikaa kwenye kiti namngoja mgonjwa anyenyekee.

Jumatatu haikumleta, wala Jumanne. Jumatano watu wa gulio walisema wamemwona Chala. Jumapili iliyofuata aliimba kidogo, sauti imerudi, na mimi nikafurahi kwa unafiki, nikasema moyoni, basi limekuwa dogo. Wiki moja baadaye hakuonekana kanisani kabisa.

Jumanne asubuhi wakamleta juu ya baiskeli, Alfonsi anasukuma, Angela binti yake anamshika kwa nyuma, mtoto wake amemfunga mgongoni. Cornelia alikuwa ameinamisha shingo upande wa kulia. Mate yalimtiririka kwa sababu hawezi kuyameza, amekinga kanga kidevuni. Nikamwambia afungue mdomo. Ulifunguka upana wa kidole, taya limekaza. Nikamulika hivyo hivyo. Upande wa kulia nyuma ya tezi ulikuwa umevimba kama yai, kimeo kimesukumwa mpaka upande wa pili. Lilikuwa jipu. Mafindofindo yasipotibiwa vizuri, kuna mara usaha unakusanyika nyuma ya tezi, unaziba njia. Nilishaliona mara moja tu, chuoni, likipasuliwa na daktari mwenye mashine ya kunyonya na taa ya kichwani.

"Ametumia nini?" nikamuuliza Angela.

"Rangi mbili, za Chala."

"Ngapi?"

"Alinunua sita. Alizimeza zote, daktari, hakuacha hata moja. Mimi nilimwambia abakize, akakataa. Alisema daktari hataki."

Nikakaa chini. Nadhani nilikaa sakafuni, sikumbuki kiti. Nikauliza kwa nini hawakuja kwangu, ingawa nilijua, nikauliza tu kama mjinga. Angela hakunitazama. Akasema, "Nilimwambia twende. Mara tatu nimemwambia. Akasema, Flavian alisema nisije, na yeye ndiye mwenye zahanati."

Nilimchoma PPF, nikamwekea na dawa ya pili, kloramfenikoli, nikamtundikia maji. Halafu nilichukua sindano kubwa, ile nene, nikasimama mbele yake. Kitabu kinasema unaweza kuvuta usaha kwa sindano, mgonjwa akapata hewa. Nikawaza, usaha ukipasukia ndani utamiminika mapafuni, nitamuua hapa hapa mbele ya mwanawe. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii ingekuwaje kama ningethubutu. Sijui. Niliirudisha sindano kwenye sinia, nikamwambia Alfonsi akimbie barabarani akasimamishe gari lolote.

Lilipatikana lori la mahindi, linakwenda Sumbawanga. Tukampandisha juu ya magunia, nikakaa nimemwegemeza kifuani pangu ameketi, maana akilala hewa haipiti. Angela alikaa miguuni na mtoto. Barabara ile wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Upepo ulitupiga usoni, na kila pumzi ya Cornelia ilikuwa na mlio, kama mtu anayekoroma akiwa macho. Nilianza kumwomba radhi. Nilisema yote ambayo Edith aliniambia niseme mwaka mzima nyuma, nikayasema vibaya, nalia, nampigia kelele sikioni kwa sababu ya injini. Sijui alisikia yapi.

Kuna mahali lori lilipunguza mwendo kupisha ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wanavuka. Kukawa kimya kidogo. Cornelia akageuza macho, akanitafuta. Maneno yalitoka mazito, yamezibwa, lakini niliyaelewa, na Angela aliyaelewa pia.

"Nilizimaliza zote," akasema. "Zote."

Alikuwa anajitetea. Alidhani bado namgombeza.

Nikamwambia ndiyo, mama, ulifanya vizuri. Ni neno la uongo, sita hazitoshi kitu, na rangi mbili haikuwa dawa yake hata angemeza sitini. Lakini nilimwambia alifanya vizuri, na sijui kama lilimfikia. Baada ya ng'ombe kupita dereva alikanyaga mafuta ili kufidia, tukaanza kuruka juu ya magunia. Tulikuwa tumeshaanza kuyaona mabati ya mji. Akakohoa mara moja, kwa nguvu, usaha na damu vikamtoka mdomoni na puani. Nilimwinamisha, nikamtia vidole kooni kusafisha, nikafanya kila nilichofundishwa na vingine ambavyo sikufundishwa. Ule mlio ukakoma. Angela alianza kuita mama, mama, na mtoto akaamka naye akalia.

Tulimpeleka nyumbani kwetu Katandala kwa sababu sikuwa na pengine pa kumpeleka. Mama yangu mzazi na wanawake wa jirani ndio waliomwosha. Mama akanifuata uani nilipokuwa nimesimama na shati limekauka damu, akaniuliza, "Alikuwa nani wako?" Nikasema, mgonjwa wangu.

Tulimzika kijijini kesho yake. Kwaya iliimba vibaya, watu wanatafutana sauti. Mimi sikuimba.

Hakuna aliyeniambia kitu. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, afadhali wangenipiga. Walikuja zahanati kama kawaida, wakanyoosha mikono wapokee dawa, wakaitikia ndiyo daktari, tumeelewa daktari. Nilianza kuongea nao kwa upole, naeleza kila kitu mara mbili, tatu. Wakaitikia vilevile. Nikaona kumbe siku zote walikuwa wananiogopa, na mimi nilidhani wananisikia. Wengi hata hawakufika kwangu. Daftari nilijaza mpaka mwaka uliofuata, na ukurasa wa tatu, ule wa rangi mbili, ndio uliokuwa unarefuka.

Mwezi wa sita, mwaka mmoja baada ya msiba, nilikuwa nimesimama mlangoni asubuhi ya siku ya gulio. Angela akapita. Kanga amejizungushia shingoni. Alikuwa anatembea taratibu, na niliona anavyomeza mate, anasimama kidogo, anafumba macho, ndipo anayameza. Ndani nilikuwa na PPF ya kutosha watu ishirini. Nikamwita kwa jina. Akasimama upande wa pili wa njia, akapiga goti kidogo kwa adabu kama alivyofundishwa na mama yake, na kwa sauti iliyokwaruza akasema, "Shikamoo, daktari."

Nikasema, "Marahaba, Angela. Njoo nikuangalie koo. Njoo, mwanangu."

"Ni dogo tu," akasema. "Linapoa."

Akashika njia ya Chala.